Kiyoyozi cha Gari Kinachopoza na Kuacha: Kusoma Dalili Kabla ya Kujaza Gesi

Kiyoyozi cha gari kilichokufa kabisa humuudhi mwenye gari, lakini hakimsumbui sana fundi, kwa sababu ubovu uliopo muda wote hupimika muda wote. Kinachowatoa jasho wote wawili ni kile kinachopoza vizuri kutoka Area D, mjini Dodoma, hadi Ihumwa, kikaanza kutoa hewa ya vuguvugu gari linapokaribia Chamwino, kisha kikarudia ubaridi wake kabla ya kufikishwa gereji. Hapo mazoea huchukua nafasi ya uchunguzi: fundi hufunga geji za kupimia shinikizo la gesi, husema gesi imepungua, huongeza, mwenye gari hulipa, na baada ya wiki chache malalamiko huwa yale yale.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hoja moja. Kwa ubovu unaokuja na kuondoka, wakati na hali ambayo hewa hugeuka kuwa ya joto hueleza chanzo chake kuliko kipimo chochote kinachochukuliwa gari likiwa limetulia na linapoza. Gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haiunguzwi kama petroli wala haichakai kama mafuta ya injini. Ikiwa imepungua, imevuja mahali fulani, na ikiwa haijapungua, kuiongeza ni kutengeneza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mzunguko wenyewe kwa ufupi ni huu. Kompresa, inayoendeshwa na mkanda wa injini kupitia klachi ya sumaku, huikandamiza gesi hadi ikawa na shinikizo kubwa na joto kali. Kondensa, iliyo mbele ya rejeta, huitoa joto hilo kwa msaada wa feni na upepo wa mwendo, na gesi hugeuka kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha kwenye vali ya kupanulia iliyo na tundu jembamba, ambako shinikizo hushuka ghafla. Ndipo kinapochemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Magari mengi yaliyoko barabarani kwetu, hasa yale yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani, hutumia gesi ya R134a, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 chini ya sifuri ikiwa kwenye shinikizo la kawaida la hewa. Dalili nyingi zitakazoelezwa hapa chini zinatokana na kituo kimojawapo katika safari hiyo kushindwa kazi yake kwa muda, kisha kuirudia.

Yasiyo ubovu

Gari lililoegeshwa juani tangu asubuhi kwenye maegesho ya Mji wa Serikali Mtumba huwa na joto la ndani linalozidi sana lile la nje, na hakuna kiyoyozi cha kawaida kitakacholiondoa kwa dakika mbili. Fungua madirisha, tembea mita mia kadhaa, kisha funga na uweke swichi ya hewa kwenye mzunguko wa ndani. Vilevile, injini inapokanyagiwa mafuta kwa nguvu zote, kompyuta ya magari mengi huikata kompresa kwa sekunde chache ili injini ipate nguvu, na dereva anayempita lori kwenye kilima akahisi hewa imelegea kwa muda mfupi hana sababu ya kwenda kwa fundi.

Jambo la tatu linahusu maji. Watu wengi hupima afya ya kiyoyozi kwa kuangalia matone chini ya gari, na kipimo hicho kinafaa Dar es Salaam kuliko Dodoma. Maji yale ni unyevu wa hewa uliogeuka maji juu ya evaporeta na kutiririka. Mwezi Septemba au Oktoba, hewa ya huku inapokuwa kavu, kiyoyozi kizima kinaweza kudondosha maji machache sana au kisidondoshe kabisa. Kinyume chake, zulia la abiria likiwa limelowa wakati wa masika, bomba la kutolea maji limezibwa na vumbi lililogeuka tope, na huo ni ubovu wa bomba, wala hauhusiani na ubaridi.

Yaandikwe kabla boneti haijafunguliwa

Dereva ndiye shahidi pekee aliyekuwapo tatizo lilipotokea, na ushahidi wake una thamani ikiwa ameuandika. Swali la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni hili: hewa ilipogeuka kuwa ya joto, upepo uliotoka kwenye matundu ulibaki na nguvu ile ile au ulipungua? Jibu la swali hilo peke yake huigawa orodha ya visababishi katika mafungu mawili yasiyofanana. Baada ya hapo aandike kama gari lilikuwa linatembea au limesimama. Limewashwa muda gani. Geji ya joto la injini ilikuwa wapi. Matundu yote yalitoa joto au upande mmoja tu. Taa ya kiyoyozi ilikuwa imetulia au inawaka na kuzima. Ilisikika sauti yoyote, iwe mkwaruzo wa mkanda au mgongano mdogo wa klachi. Na hali ya hewa ya nje ilikuwaje.

Kipimajoto cha kawaida kikichomekwa kwenye tundu la katikati huondoa ubishi wa "kinapoza" na "hakipozi". Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, hewa ikizunguka ndani na feni ya ndani ikiwa ya kati, kiyoyozi chenye afya hutoa hewa ya takribani nyuzi 4 hadi 10. Siku ya joto kali au gari likiwa limesimama, idadi hiyo hupanda kidogo. Kinachotafutwa ni tabia ya kipimo: kinapanda polepole, kinaruka ghafla, au kinapanda na kushuka kwa mpangilio.

Kinapoza gari likitembea, kinachemka likisimama

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi. Dereva hana malalamiko akiwa kasi kwenye barabara ya Singida, lakini akifika mjini, akasimama kwenye taa au kwenye foleni ya jioni, hewa inaanza kulegea ndani ya dakika chache. Akiondoka tena, ubaridi unarudi.

Gari likitembea, upepo wa mwendo huipoza kondensa bila kuhitaji feni. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo mashtaka ya kwanza ni dhidi ya feni yenyewe, nafasi iliyo kati ya mapezi (vibati vyembamba) ya kondensa, na chochote kinachozuia hewa kupita. Dodoma ina mambo mawili yanayozidisha tatizo hili. La kwanza ni vumbi, ambalo kwenye viwanja na barabara za mitaa isiyo na lami huchanganyika na mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini na kufanya ukoko ambao macho hayauoni kwa urahisi, kwa kuwa hukaa kati ya kondensa na rejeta. Wakati wa mvua huongezeka kumbikumbi na mbegu za majani. La pili ni mwinuko. Mji uko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia kumi kuliko pwani, hivyo feni ile ile ikizunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa yenye uzito mdogo zaidi. Gari lenye feni iliyochoka kidogo linaweza kuvumilia Tanga mwezi Julai na kushindwa Nkuhungu mwezi Oktoba.

Lakini dalili hiyo hiyo ya kupoza ukiwa mwendoni na kulegea ukisimama hutolewa pia na upungufu wa gesi, hasa kwenye magari mengi ya Toyota ambayo swichi yake ya shinikizo iko upande wa shinikizo kubwa na haiikati kompresa mpaka gesi iwe imekaribia kwisha. Kompresa ikizunguka kwa kasi, gesi ile chache hutosha; ikirudi kwenye silensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, haitoshi. Hapo ndipo fundi anayekimbilia mtungi anapopata mara moja na kukosa mara nyingine, bila kujua ni kwa nini.

Kipimo cha kuzitenganisha sababu hizo mbili hakihitaji kifaa cha bei. Egesha gari kwenye kivuli, acha injini kwenye silensa hadi hewa iwe ya joto, kisha nyunyizia kondensa maji safi kwa chupa ya kupulizia au kwa bomba la bustani lisilo na nguvu kubwa, huku mtu mwingine akisoma kipimajoto ndani. Ubaridi ukirudi ndani ya dakika moja au mbili, gesi ipo na kinachokosekana ni hewa ya kuipoza. Maji yasipobadilisha kitu, lakini kuongeza mzunguko wa injini hadi 2,000 kukarudisha ubaridi, shuku gesi kidogo au kompresa iliyochoka, kisha uende kwenye geji.

Kwenye geji tofauti huwa wazi. Siku ya nyuzi 30 hadi 32, mfumo wa R134a unaofanya kazi vizuri huonyesha takribani psi (kizio cha shinikizo) 30 hadi 40 upande wa chini, yaani wa shinikizo dogo, na psi 170 hadi 230 upande wa juu, yaani wa shinikizo kubwa. Feni ikishindwa, mshale wa juu hupanda bila kusita na kuvuka psi 300, na wa chini humfuata. Ukiachiwa, swichi ya usalama huikata kompresa, ambayo kwenye Toyota nyingi hufanya hivyo karibu na psi 455. Shinikizo likishuka, kompresa hurudi, na hiyo ndiyo siri ya hewa inayopoza na kuacha kila baada ya muda. Gesi ikiwa kidogo, mishale yote miwili huwa chini. Kompresa ikiwa imechoka ndani, wa chini huwa juu kuliko kawaida na wa juu huwa chini, kana kwamba inazunguka bila kusukuma.

Uchunguzi wa feni usiishie kwenye kuiona inazunguka. Mota ya feni yenye brashi zilizokwisha huanza vizuri ikiwa baridi na kupunguza kasi ikipata joto, na wakati mwingine husimama kabisa hadi igongwe. Magari mengi madogo yana feni mbili, na zote zinatakiwa zifanye kazi kiyoyozi kinapodai. Moja ikiwa imekufa, injini inaweza isichemke hata kidogo, hivyo dereva hapati onyo jingine lolote zaidi ya hewa ya joto. Kwenye Hiace na baadhi ya Prado, ambako feni huendeshwa na injini kupitia klachi ya mafuta mazito, zima injini ikiwa ya moto, ondoa funguo, kisha uizungushe feni kwa mkono: ikizunguka yenyewe mara kadhaa bila kukataa, mafuta ya ndani yamevuja na klachi hiyo haishiki tena.

Kuosha kondensa kufanyike kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na nguvu. Mashine ya kuoshea magari ikisogezwa karibu hulaza mapezi ya alumini, na mapezi yaliyolala huziba hewa kuliko vumbi lililokuwapo.

Upepo unapungua kwanza, ubaridi unafuata

Fungu hili lina tabia ya pekee. Safari huanza kwa ubaridi mkali kupita kiasi, na baada ya nusu saa au saa nzima upepo unaotoka kwenye matundu unakuwa mdogo ingawa mlio wa feni ya ndani haujabadilika. Kisha hewa yenyewe inakuwa ya vuguvugu. Dereva akizima kiyoyozi kwa dakika kumi au ishirini, kila kitu kinarudi, mara nyingi pamoja na maji mengi chini ya gari. Evaporeta imeganda barafu, na barafu imeziba njia ya hewa.

Barafu inahitaji unyevu, na hilo ndilo linalofanya ubovu huu uwachanganye watu wa kanda ya kati. Gari linaweza kukaa Dodoma miezi yote ya kiangazi bila kuonyesha lolote, kisha likaanza kusumbua Januari, au kwenye safari ya Dar es Salaam likasumbua baada ya kupita Morogoro, ambako hewa huanza kuwa na unyevu mwingi. Mwenye gari husema "kiyoyozi kimeharibika Chalinze", lakini kilikuwa kimeharibika tangu Dodoma. Hewa kavu ilikuwa imekificha.

Mtuhumiwa wa kwanza ni sensa ya joto la evaporeta, ambayo kazi yake ni kuiambia kompyuta iikate kompresa kabla mapezi hayajafikia kuganda. Sensa iliyochakaa au iliyochomoka mahali pake huona joto lisilokuwapo, na kompresa huendelea bila kupumzika. Huipimi kwa kuitazama: ifunge kwenye mita ya umeme, itumbukize kwenye maji ya barafu, na uangalie ukinzani wake ukiongezeka taratibu bila kuruka wala kukatika. Mtuhumiwa wa pili ni rahisi zaidi, nalo ni chujio la hewa ya ndani lililoko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Kwa vumbi la huku, chujio hilo halifiki mbali, na gari ambalo halijawahi kubadilishiwa tangu lishuke melini ni la kawaida kabisa. Hewa ikipita kidogo, evaporeta inakosa joto la kunyonya na inaganda. Upungufu wa gesi nao unaweza kugandisha sehemu ya mwanzo ya evaporeta, na vali ya kupanulia iliyokwama wazi huleta matokeo hayo hayo, ila hizo mbili huonekana kwenye geji.

Upepo ule ule, ubaridi unakatika

Upepo ukibaki na nguvu ile ile na joto likaja ghafla, kompresa imeacha kuzunguka au gesi imeacha kupita. Kujua ni lipi kati ya hayo mawili, lazima mtu aangalie wakati tatizo likiwapo. Simama mahali salama, acha injini na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, fungua boneti, na utazame uso wa kompresa: puli ya nje huzunguka wakati wote, lakini bamba la katikati huzunguka pale tu klachi inaposhika. Usisogeze mkono, na kamba ya kitambulisho inayoning'inia shingoni, tai au ncha ya mtandio iondolewe kabla ya kuinama. Sijawahi kuona sababu ya mtu kuigusa klachi kwa bisibisi injini ikiwa inazunguka, ingawa hufanyika.

Bamba la katikati likiwa limesimama, fundi apime umeme kwenye waya wa koili, ile inayoipa klachi nguvu ya sumaku, pale pale. Umeme ukiwapo wa kutosha na klachi haishiki, lawama ni ya klachi. Visa vya aina hii hufuata joto kwa uaminifu: asubuhi hakuna tatizo, adhuhuri baada ya kilomita nyingi kompresa inakataa, jioni inakubali tena. Sababu zake ni mbili zinazosaidiana. Bamba linapochakaa, nafasi kati yake na puli hupanuka. Nafasi nzuri kwenye kompresa nyingi ni takribani milimita 0.35 hadi 0.65. Na waya wa shaba wa koili ukipata joto, ukinzani wake huongezeka: koili yenye omu 3.6 kwenye nyuzi 20 hufikia karibu omu 4.7 kwenye nyuzi 100, hivyo kwa umeme wa volti 14 mkondo hushuka kutoka ampea 3.9 hadi ampea 3 hivi, na sumaku iliyokuwa na nguvu ya kuvuka nafasi ile asubuhi haina tena nguvu hiyo mchana. Kwa kuthibitisha, injini ikiwa imezimwa lakini bado ni ya moto, koili ipewe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi. Mlio mkali wa klachi ikiwa baridi na ukimya ikiwa ya moto ni ushahidi wa kutosha. Kompresa nyingi zina washa (pete za chuma) nyembamba nyuma ya bamba, na kupunguza moja hurudisha nafasi inayotakiwa bila kununua kompresa nzima. Ushauri wa kununua kompresa uliotolewa bila kupima nafasi hiyo haufai kupokewa haraka.

Umeme usipofika kwenye koili, safari inarudi nyuma: relei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya shinikizo, sensa ya evaporeta, kompyuta ya injini, na maungio ya nyaya. Relei ya klachi mara nyingi hufanana na ya honi kwenye kisanduku cha fyuzi, na kuzibadilishana kwa siku chache ni kipimo kisicho na gharama. Kwenye Toyota nyingi, taa ya kiyoyozi inayowaka na kuzima humaanisha kuwa kompyuta imehisi kompresa haizunguki sawasawa na injini, na hapo mkanda uliolegea au kuteleza ndio wa kutazamwa kwanza. Magari yenye kiyoyozi cha kujiendesha, kinachorekebisha joto chenyewe, huweza kutoa namba za ubovu kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja wakati wa kuwasha swichi; ukifanya hivyo kwenye kivuli, namba 21 inayohusu sensa ya jua hujitokeza bila ubovu wowote, kwa hiyo isinunuliwe sensa mpya kwa sababu hiyo.

Ipo hali nyingine ambayo klachi imeshika, bamba linazunguka, na bado hewa ni ya joto. Mshale wa chini ukishuka kufikia sifuri na kuingia upande wa ombwe, kisha baada ya kuzima kwa dakika chache kila kitu kikarudi kawaida, mfumo una unyevu ndani. Tone la maji huganda kwenye tundu la vali ya kupanulia na kuziba njia. Likiyeyuka, gesi hupita tena. Unyevu huo huingia pale mabomba yanapofunguliwa na kuachwa wazi, au pale mfumo unapojazwa bila kunyonywa hewa vizuri. Tiba yake ni kubadilisha draya, kunyonya hewa kwa muda mrefu, na kujaza upya kwa uzito. Kuongeza gesi juu ya maji hakuyatoi.

Hewa inapokufa mlimani

Joto likija gari linapopanda, kwa mfano kwenye kona za Nyang'oro baada ya Mtera kuelekea Iringa, na likaondoka baada ya kilele, soma geji ya joto la injini kabla ya kuzungumzia kiyoyozi. Kompyuta huikata kompresa injini inapokaribia kuchemka, na kiyoyozi hapo kinatoa taarifa ya rejeta iliyoziba, themostati iliyokwama au maji yaliyopungua. Ukiiona dalili hiyo, zima kiyoyozi, punguza mwendo, na usifungue kifuniko cha rejeta hadi injini ipoe.

Upande mmoja baridi, upande mwingine moto

Mara nyingi ni kimota kinachosogeza kizuizi cha hewa ya moto ndani ya dashibodi. Meno yake ya plastiki huvunjika, na mlio wa tak-tak-tak husikika gari linapowashwa. Kwenye gari lenye kidhibiti kimoja cha joto kwa pande zote, upande mmoja kuwa baridi kuliko mwingine huweza kuwa dalili ya gesi kidogo.

Gesi, uvujaji na mizani

Ikithibitika kwamba gesi imepungua, kazi inayofuata ni kutafuta ilikotokea. Hapa kuna kosa moja linalostahili kuelezwa kwa kina. Fundi hufunga geji gari likiwa limezimwa, akaona karibu psi 95 au 100, akasema gesi ipo ya kutosha. Kwenye nyuzi 30, R134a huonyesha shinikizo hilo hata ikiwa imebaki gramu chache, mradi tu kuna kimiminika kidogo ndani ya mfumo. Shinikizo la gari lililozimwa hueleza joto la siku, halielezi kiasi. Kwa sababu hiyo hiyo, kujaza kwa kufuata mshale ni kubahatisha. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, na ingawa maneno ni ya Kijapani, jina la gesi na gramu zake husomeka. Magari madogo kama IST au Passo huchukua takribani gramu 300 hadi 500, wakati Noah au Hiace yenye evaporeta ya nyuma inaweza kuchukua mara mbili ya hapo. Kwenye mfumo wa gramu 400, ziada ya gramu 100 inatosha kupandisha shinikizo la juu na kurudisha ile dalili ya hewa kuwa ya joto gari likisimama. Fundi asiye na mizani, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kujua amejaza kiasi gani.

Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio, kwa rangi ya kung'aa inayoonekana chini ya taa maalumu, au kwa kujaza naitrojeni kavu na kusubiri. Upepo wa kompresa ya matairi usitumike, kwa kuwa unaingiza unyevu na mchanganyiko wake na R134a chini ya shinikizo unaweza kushika moto. Oksijeni ni hatari zaidi, na gesi ya kupikia haina nafasi ndani ya gari lenye watu. Mahali pa kuangaliwa kwanza ni sehemu ya mbele ya kondensa iliyopigwa na kokoto, mipira ya maungio, vali za kujazia zilizopoteza vifuniko, na sili ya shafti ya kompresa. Sili hii hulainishwa na mafuta yanayozunguka pamoja na gesi, na madereva wa Dodoma wanaokizima kiyoyozi Juni na Julai kwa sababu ya baridi huiacha ikauke. Dakika kumi za kukiwasha kila wiki katika miezi hiyo hutosha kuilinda.

Kabla ya kujaza, mfumo hunyonywa hewa kwa pampu kwa angalau nusu saa. Vitabu vingi husema mshale ufike karibu inchi 29 au 30 za zebaki, na fundi aliyejifunza kazi pwani hushtuka akiona hapa unakomea 26. Hakuna kilichoharibika: kwenye mwinuko wetu hewa yenyewe ina uzito mdogo, na mshale hauwezi kushuka chini ya kile ambacho anga linatoa. Kinachopimwa ni kama mshale unabaki pale pale baada ya pampu kufungwa kwa dakika kumi na tano au zaidi. Ukipanda, kuna tundu au unyevu, na gesi isifunguliwe bado.

Magari ya haibridi, yaani yanayotumia petroli na umeme, kama Aqua na Prius, yana kompresa ya umeme yenye nyaya za rangi ya chungwa zinazobeba zaidi ya volti 100, na mafuta yake ni ya aina ya POE. Mafuta ya kawaida ya PAG yakiingia humo hupunguza uwezo wa kuzuia umeme kuvuja kwenye bodi, na gari zima linaweza kugoma. Geji na mipira iliyotoka kwenye gari la kawaida isafishwe kwanza, au fundi awe na seti ya pili kwa ajili ya haibridi.

Gari likirudi kutoka gereji, lijaribiwe katika hali ile ile iliyoandikwa mwanzoni. Kama hewa ilikuwa inachemka likiwa limesimama saa nane mchana, lipokewe saa nane mchana baada ya kukaa kwenye silensa dakika ishirini, kipimajoto kikiwa kwenye tundu la katikati. Kama lilikuwa linaganda barafu, lijaribiwe usiku wa mvua au kwenye safari ya kuelekea Morogoro, na fedha za kazi za mwisho zilipwe baada ya hapo, iwapo fundi na mwenye gari wamekubaliana hivyo tangu mwanzo.